Kopo Lisilo na Lebo: Sumu Katika Vipodozi na Bidhaa za Usafi Kaskazini Mashariki

 

Nitaanza na dai langu lenyewe, ili anayetaka kulipinga ajiandae mapema. Hapa Garissa, na vilevile Wajir na Mandera, watu hawadhuriwi na vipodozi na bidhaa za usafi kwa sababu ni wazembe, wala si kwa sababu kina mama wanapenda urembo kupita kiasi. Wanadhurika kwa sababu bidhaa inawafikia ikiwa imeshapoteza jina la kilichomo ndani yake. Jina hupotea kiwandani, mtengenezaji anapoficha zebaki. Hupotea sokoni, unga unapochotwa kwa kijiko na kufungwa katika kipande cha karatasi. Hupotea nyumbani, sabuni ya maji inapomiminwa katika chupa ya soda. Na hupotea mara ya mwisho hospitalini, mgonjwa anapoona haya kusema alichojipaka. Hapo daktari anabaki kubahatisha, na figo za mtu hazingoji mwenye kubahatisha.

Nianze na hina, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu zaidi na nyoyo zetu. Harusi haiwi harusi bila hina, wala Idi. Mhina ni mti unaojulikana tangu zamani, na majani yake yakisagwa hutoa unga wa kijani wenye harufu ya nyasi kavu. Rangi iliyomo huanza na chungwa, kisha siku ya pili hukolea ikawa nyekundu ya kahawia. Ndevu za wazee walioketi safu ya mbele ndizo ushahidi wangu: hiyo ndiyo rangi ya hina. Hina ya majani matupu haiwi nyeusi. Tena haifanyi haraka. Inataka saa kadhaa mkononi, na aliyewahi kulala na mikono imefungwa kwa kitambaa anajua.

Sasa tazama maua meusi tititi tunayoyaona mikononi mwa mabibi harusi, yale yanayoshika kwa chini ya saa moja. Hiyo si hina. Pwani wanaiita piko, na kilichomo ni rangi ya nywele: kemikali iitwayo parafenilinidiamini, ambayo watu wa maabara huifupisha PPD. Huuzwa kama unga mweusi au vipande vinavyofanana na vijiwe, mara nyingi bila karatasi yoyote ya maelezo. Wengine huikoroga na hina ya kweli, na wengine huongeza petroli au mafuta ya taa ili rangi ishike zaidi. Ulaya wanairuhusu katika rangi ya nywele peke yake, na isizidi asilimia 2 ya mchanganyiko unaofika kichwani. Kuipaka ngozini hawaruhusu hata kidogo. Sisi tunachukua ile isiyopimwa na kuichora kwenye viganja vya wasichana wadogo.

Ngozi ikiikataa, malengelenge hujitokeza baada ya siku kadhaa, yakifuata mistari ya ua lile lile lililochorwa. Yakipona yanaweza kuacha kovu. Lakini kovu ndilo dogo. Mwili ukishaitambua PPD kama adui, hausahau. Msichana aliyechorwa akiwa na miaka minane anaweza, akiwa na miaka arobaini, kupaka rangi ya nywele ya kawaida ya dukani na kuamka uso umevimba hadi macho hayafunguki. Hatakumbuka harusi ya shangazi yake, na daktari hatamuuliza.

Hayo ni ya kupaka. Ikimezwa, mambo huwa mengine kabisa. Ndani ya saa chache uso, ulimi na shingo huvimba na njia ya hewa hubanwa. Anayevuka hapo hukutana na hatari ya pili: misuli huanza kuvunjika, mabaki yake huziba figo, na mkojo hutoka mweusi kama strungi. Haina dawa maalum ya kuiondoa mwilini. Kinachookoa ni kupata hospitali yenye mtu anayeweza kufungua njia ya hewa kwa kutoboa shingo, maji mengi ya mshipani, na mashine ya kusafisha damu figo zikisimama.

Sudan wanaijua sumu hii kuliko mtu yeyote, kwa sababu wanawake wa huko nao huchanganya hina na PPD. Mwaka 1992 madaktari wa Khartoum walichapisha taarifa ya watoto 31 waliofikishwa kwao katika muda wa miaka 10. Kumi na watano ilibidi watobolewe koo ili wapumue. Kumi na watatu walikufa, na wote hao walikufa kabla ya kutimia saa 24 tangu kufika hospitalini. Nawaomba mzitie saa hizo 24 akilini, kisha mfikirie barabara ya kutoka Hulugho hadi hapa mjini wakati wa mvua, au ya kutoka kijiji cha mbali cha Mandera Kusini. Khartoum ni jiji lenye hospitali kubwa. Watoto wale walifika, na bado walikufa.

Nitasema na hili, kwa sababu kulinyamazia hakumsaidii mtu. Si wote waliomeza kwa bahati mbaya. Wamo, hasa wasichana, waliokuwa katika dhiki ambayo hakuna aliyeiona. Mtu wa namna hiyo akifikishwa hospitalini anahitaji matibabu na mtu wa kumsikiliza. Hahitaji mahakama ya ukoo juu ya kitanda. Na sisi tuliobaki tuna wajibu wa kutokubali kitu kikali kiasi hicho kiwe kimelala kwenye kila kabati, kikipatikana kwa sarafu chache.

Kabla sijaiacha hina, neno kwa mama wa mtoto mchanga. Hata hina safi ya majani ina hatari kwa baadhi ya watoto. Wapo wanaorithi upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, upungufu ambao ni wa kawaida katika jamii zilizoishi na malaria kwa karne nyingi. Kwa mtoto kama huyo, rangi ya hina ikipita ngozini inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu, akageuka manjano na kudhoofika ghafla. Vidonge vya naftalini tunavyoweka kati ya nguo vinafanya hivyo hivyo. Mngojeeni mtoto akue. Hina haikimbii.

Sasa nije kwenye mkorogo, yaani krimu na sabuni za kung'arisha ngozi. Najua hapa wengine watainamisha macho. Sikuja kumlaumu anayejipaka. Wanaume waliosifu weupe mbele ya binti zao wana sehemu kubwa zaidi katika jambo hili kuliko binti aliyewasikia. Nimekuja kueleza kilichomo kwenye kopo.

Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake. Ndiyo maana inafanya kazi, na ndiyo maana inauzika: anayeitumia huona matokeo ndani ya wiki chache. Katika sabuni huwekwa kwa kawaida kama iodidi ya zebaki, asilimia 1 hadi 3. Katika krimu ni zebaki yenye amonia, asilimia 1 hadi 10. Inapita ngozini, inaingia kwenye damu, na inapenda kutua katika figo. Figo iliyoharibika huachia protini itoke na mkojo. Dalili ya kwanza huwa povu kwenye mkojo lisilotulia, kisha uso unaovimba asubuhi, kisha miguu. Wengine hutetemeka mikono, hukosa usingizi, husahau, hukasirika bila sababu, na familia huanza kutafuta jini au jicho baya.

Haya hayakugunduliwa mbali na sisi. Mwaka 1972 jarida la British Medical Journal lilichapisha uchunguzi uliofanywa Nairobi na Dkt. R. D. Barr na wenzake, akiwemo A. Kungu. Walikuwa wamepokea watu wazima 60 waliovimba mwili kwa sababu ya figo kuvuja protini. Walipowauliza kuhusu krimu, asilimia 53 walikiri kutumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki, na miongoni mwa wanawake kiwango kilikuwa kikubwa zaidi. Wengi wa walioacha kuzitumia walipata nafuu. Sikilizeni vizuri sentensi hiyo ya mwisho. Ugonjwa uliokuwa ukimlaza mtu kitandani ulipungua kwa kuacha kopo moja. Lakini lilihitajika swali, na swali hilo halimo kwenye fomu nyingi za hospitali zetu hata leo, zaidi ya miaka 50 baadaye.

Mwaka 2001 yakatokea mengine, safari hii kutoka eneo la Ziwa Victoria. Daktari Masazumi Harada wa Japani, aliyetumia maisha yake pamoja na wahanga wa zebaki wa Minamata, alishirikiana na wenzake kupima nywele za watu wa kwetu. Walitazamia zebaki kutoka kwa samaki au kutoka kwenye machimbo ya dhahabu. Wakakuta viwango vya kutisha kwa wanawake ambao hawakuwa na uhusiano na machimbo. Chanzo kilikuwa sabuni ya kuogea. Nayo sabuni ilikuwa imetengenezwa Ulaya, ambako sheria ilikwisha kuwakataza raia wao kuitumia tangu miaka ya 1970. Kuisafirisha ili iuzwe nje hakukukatazwa mpaka sheria ya Jumuiya ya Ulaya ya mwaka 2003. Kwa karibu robo karne, kile walichokiona hakifai ngozi ya binti wa Ulaya kilipakiwa meli kuja kwa binti wa Kenya. Kila ninapokisoma kisa hicho nakasirika upya, na sioni haya kusema hivyo mbele ya hadhara.

Kuna alama moja ambayo hata asiyejua kemia anaweza kuitumia. Baadhi ya makopo huandikwa onyo kwamba krimu isiguse dhahabu, fedha, alumini wala mpira. Hooyo, mama yangu, krimu inayoogopa dhahabu ina zebaki, kwa sababu zebaki hula dhahabu. Ndivyo wachimbaji wa Migori wanavyoikamata. Ikiwa bangili yako ya mahari haifai kuguswa na krimu hiyo, shavu lako linafaaje? Alama nyingine ni majina. Ukiona kwenye orodha maneno calomel, mercurio, cinnabaris, hydrargyri au mercury, rudisha kopo. Lakini walio wajanja hawaandiki lolote, na kopo lisilo na orodha ya vilivyomo nalo lirudishwe.

Jamaa zetu walioko ng'ambo hawakuepuka. Mnajua ni familia ngapi zilizotoka kambi za wakimbizi za Ifo, Dagahaley na Hagadera kwenda Minneapolis. Mwaka 2011 idara ya afya ya jimbo la Minnesota ilinunua madukani bidhaa 27 za kung'arisha ngozi na kuzipima. Kumi na moja zilikuwa na zebaki, na iliyozidi zote ilifika sehemu 33,000 kwa milioni, wakati sheria ya Marekani inaruhusu isizidi sehemu moja. Mwanamke Msomali, Amira Adawe, ndiye aliyelishika jambo hilo huko kwa mikono miwili. Baadaye alianzisha shirika la The Beautywell Project na kuingia nyumba kwa nyumba, akizungumza na kina mama kwa lugha yao na bila kuwaaibisha. Nikiulizwa leo kampeni ya Garissa ifuate mfano gani, nitauelekeza mkono Minneapolis.

Na tusidhani anayedhurika ni yule aliyejipaka peke yake. Mwaka 2010, huko California na Virginia, wapimaji wa afya walikuta zebaki katika mkojo wa watu ambao hawakuwahi kugusa krimu za aina hiyo bali waliishi tu nyumba moja na aliyejipaka, wakiwemo watoto wadogo. Zebaki huhama na taulo, shuka, mto, mkono unaolisha uji. Pia huruka hewani kama mvuke, na joto likizidi mvuke nao huzidi. Sisi tunaishi mahali ambapo bati huwaka moto kuanzia saa nne asubuhi. Mama hulala na mtoto kifuani. Hupita vilevile kwenye maziwa ya mama. Harada ndiye aliyethibitisha Minamata kwamba watoto wanaweza kudhuriwa na zebaki wakiwa bado tumboni. Ile ilikuwa zebaki ya aina nyingine, kali zaidi kwa ubongo, lakini mama mjamzito hana sababu ya kujaribu hata hii.

Kuhusu krimu zenye hidrokwinoni, na zile zenye steroidi kama klobetasoli zinazouzwa kando ya mafuta ya kawaida, nitapita haraka. Ya kwanza ikitumiwa muda mrefu huifanya ngozi iwe na madoa ya bluu-nyeusi yasiyotoka. Ya pili huifanya ngozi kuwa nyembamba hadi kidonda cha upasuaji kinashindwa kushika nyuzi, hupandisha sukari na presha, na kuiacha ghafla baada ya miaka kunaweza kuuangusha mwili. Anayetaka kuiacha amwone daktari, apunguze polepole. Zebaki yenyewe iachwe leo hii.

Wanja. Hapa natembea kwa adabu, kwa sababu wapo wanaoupaka kwa nia ya Sunna, nami sina ugomvi na Sunna. Hadithi zinataja ithmid, na kwa kawaida inafasiriwa kuwa antimoni. Lakini watafiti waliochukua wanja sokoni Oman na Falme za Kiarabu na kuupeleka maabara walikuta mara nyingi jiwe jingine kabisa: galena, yaani madini ya risasi. Ukiyatazama, yote mawili ni meusi yenye kumetameta, na muuzaji mwenyewe hawezi kuyatofautisha. Mtoto mchanga anayepakwa hujisugua jicho, kisha hutia kidole mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kinachopotea ni uwezo wa kujifunza, na hakirudi. Kwa hiyo naomba jambo moja tu kwa sasa: tusiwapake watoto. Mtu mzima anayetaka ithmid aulize imetoka wapi na nani aliipima.

Nihame sasa kwenye bafu na jikoni, kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi minne. Huyu hajui urembo. Anajua kiu. Katika mji wenye jua kama hili amefundishwa na kila mtu mzima kwamba chupa ya plastiki ina kitu cha kunywa. Sisi ndio tunaonunua sabuni ya maji na jiki ya kupimiwa, tukapeleka chupa ya soda au ya maji, tukairudisha nyumbani ikiwa na lebo yake ya rangi nzuri inayosema uongo. Mafuta ya taa nayo huwekwa humo humo. Mtoto hakukosea chupa. Sisi ndio tuliobadilisha kilichomo.

Vipodozi vyenyewe vina hila zao. Dawa ya kulainisha nywele inayotumika saluni huwa na magadi makali ya kuunguza. Ikilambwa huchoma umio, na umio uliochomwa unaweza kuziba kwa kovu, mtoto akashindwa kumeza ugali kwa miaka. Mafuta mepesi ya mtoto, yale maangavu kama kioo yanayoteleza, akiyanywa akapaliwa huingia mapafuni na kusababisha nimonia ngumu kutibu. Poda ikimwagwa usoni nayo huvutwa ndani. Manukato mengi yana spiriti, na spiriti hushusha sukari ya mtoto hadi akapoteza fahamu. Asetoni ya kuondoa rangi ya kucha ni hatari vilevile.

Kafuri inastahili kutajwa peke yake. Tunaichanganya na mafuta ya kuchulia kifua cha mtoto mwenye mafua, na harufu yake hutupa imani. Ikimezwa, hata chini ya gramu moja inaweza kumtia mtoto mdogo degedege ndani ya dakika chache, kabla hamjafika barabarani. Mafuta ya kuchulia viungo yenye harufu ya peremende kali nayo yana jamaa ya aspirini: kijiko kimoja cha chai cha mafuta halisi ya wintagrini kina takriban gramu 7, sawa na vidonge 20 na kitu vya aspirini vya watu wazima. Hivi ni vitu tunavyoviacha kando ya mkeka.

Asiseme mtu kwamba haya ni mambo ya masoko yasiyo na sheria. Ufaransa, mwaka 1972, watoto wachanga 36 walikufa kwa poda ya kupaka makalio iitwayo Morhange. Kemikali ya kuua vijidudu, heksaklorofini, ilikuwa imechanganywa na poda kiwandani kwa makosa, hadi ikafika takriban asilimia 6. Kina mama waliendelea kupaka, na kila ngozi ilipowasha walipaka zaidi. Hata kule, jina lilipopotea kwenye pipa moja, watoto ndio waliolipa.

Sasa, limetokea. Mtoto amemeza. Ufanye nini?

Usimtapishe. Usimtie kidole kooni, wala maji ya chumvi, wala mafuta ya kupikia. Kilichochoma kikishuka kitachoma tena kikipanda, na mafuta ya taa yakitapikwa ndipo yanapoingia mapafuni. Najua mkono wa kwanza utakaonyooshwa hapa ni wa maziwa ya ngamia. Tunayaamini, na tuna haki ya kuyaamini kwa mengi. Lakini maziwa si dawa ya sumu, na kikombe kizima kinachosukumwa kwa nguvu ndani ya mtoto anayelia humtapisha au humpalia. Mfute mdomo, mtoe kilichobaki, mvue nguo zilizolowa. Kama ni jicho au ngozi, mimina maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20. Hata kama maji ni ya kununua kwa mkokoteni, yatumie yote. Akiwa amesinzia mlaze ubavu. Kisha nenda, na ushike mkononi chupa, kopo, karatasi, chochote kilichokuwa na kitu hicho. Usikioshe. Usikitupe kwa aibu. Kwa PPD usingoje uvimbe uonekane ndipo utafute gari; ukingoja, umechelewa.

Kwa wauguzi na maafisa wa kliniki mlio hapa: mama mwenye mwili uliovimba na mkojo wenye povu aulizwe kuhusu krimu na sabuni, faraghani, bila mumewe wala mama mkwe chumbani, na kwa sauti isiyohukumu. Msimuulize kama anajichubua. Mwambieni alete kila anachopaka mwilini. Na wahudumu wa afya ya jamii, ambao tangu mwaka 2023 serikali imewapa mikoba na simu na kuwatuma nyumba kwa nyumba nchi nzima, wanaweza kuongeza jambo moja kwenye ziara zao: kutazama chupa zilizo chini ya kimo cha mtoto.

Sheria tunazo. Sura ya 254 ya sheria za Kenya inahusu vyakula, dawa, vipodozi na kemikali kwa pamoja. Kiwango cha Afrika Mashariki nambari EAS 377 kinaorodhesha visivyotakiwa katika vipodozi. Kenya ilitia saini Mkataba wa Minamata mwaka 2013 na kuuridhia mwaka 2023. Mwaka huo huo wa 2023, huko Geneva, nchi wanachama zilikubaliana kuondoa hata ile ruhusa ya sehemu moja kwa milioni, na kuweka mwaka 2025 kuwa ukomo wa vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki. Afya ya kaunti iko mikononi mwa kaunti zenyewe tangu ugatuzi wa mwaka 2013. Maafisa wa afya ya umma wanaokagua hoteli na bucha wana mamlaka ya kukagua kibanda cha vipodozi. Na kila mnunuzi anaweza kuituma namba ya kibali iliyo chini ya alama ya ubora kwa ujumbe mfupi kwenda 20023, shirika la viwango la Kenya, KEBS, likamjibu bidhaa hiyo ni ya nani.

Lakini sikubali msako unaoishia kwa mama mwenye meza moja. Yeye hakutengeneza zebaki wala hakuivusha mpaka. Alinunua katoni Eastleigh au kwa mtu aliyetoka Liboi, kwa imani ile ile ya mteja wake. Ukimchomea bidhaa bila kumwonyesha kilichomo, kesho atanunua nyingine kama hiyo, maana hana namna ya kujua. Kuna kifaa cha kushikwa mkononi kinachopima kwa mionzi ya eksirei. Unakielekeza kwenye kopo na ndani ya muda mfupi kinakuambia kama mna zebaki au risasi. Kaunti za Garissa, Wajir na Mandera zinaweza kununua kimoja na kukizungusha. Kiwe wazi kwa mfanyabiashara kabla ya kuwa silaha ya mkaguzi: alete sampuli ya katoni kabla hajailipia, apimiwe bure, apewe karatasi ya kubandika kibandani. Adeer zangu, ami zangu wa Chama cha Wafanyabiashara, hilo ndilo ombi nililotaka mlipeleke kwa kaunti, na mlipeleke nyinyi, kwa sababu likitoka kwenu litasikilizwa.

Tutafungua maswali sasa. Lakini kwanza: mlangoni kuna meza, na wanafunzi wawili wa kike wamekaa hapo na daftari. Aliye na krimu, sabuni, wanja au pakiti ya rangi mkobani na ana shaka nayo, apite awaonyeshe. Hawataandika jina lake. Wataandika jina la bidhaa, mahali iliponunuliwa, na kama ina orodha ya vilivyomo au haina, na orodha hiyo tutaikabidhi ofisi ya afya ya umma ya kaunti Jumatatu asubuhi.